Nyimbo Sita za Leeds

Kuna albamu za laivu ambazo ukizisikiliza unasikia mashabiki kuliko bendi. Shangwe, miluzi, mwimbaji anauliza kama watu wana raha, watu wanajibu, anauliza tena. Live at Leeds ya The Who haina habari hizo. Watu walikuwepo usiku ule wa tarehe 14 Februari 1970, kwenye bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, lakini kwenye santuri wamekaa mbali. Kinachokugonga ni vyombo vitatu na sauti ya Roger Daltrey. Basi.

Vitatu tu, na utamu wote umelala hapo. Hakuna gitaa la pili la kuziba mapengo, hakuna kinanda. Hebu vaa hedifoni: besi ya John Entwistle iko sikio la kushoto, gitaa la Pete Townshend liko la kulia, na katikati Keith Moon anapiga drams kama mtu anayegombana nazo. Gitaa likinyamaza, upande mzima unabaki wazi, na Entwistle anakimbilia kuujaza kwa besi inayonguruma kama lori mlimani. Sikiliza Young Man Blues. Mose Allison aliurekodi ukiwa wimbo mfupi wa kinanda, wa sauti ya chini. Hawa jamaa wanaukatakata: wananyamaza wote, Daltrey anaimba peke yake, halafu watatu wanaangukia pamoja kwa kishindo. Kila wanaponyamaza nashika pumzi, ingawa najua kabisa nini kinakuja. Hapo hakuna pa kujificha. Mmoja akichelewa kidogo tu, kila mtu atasikia.

Sasa, mwaka mmoja kabla walikuwa wametoa Tommy, kazi waliyoiita opera, na ghafla watu waliokuwa wakivunja magitaa wakaanza kuandikwa kama wasanii wa heshima. Usiku ule wa Leeds waliipiga Tommy karibu yote. Santuri ilipotoka Mei 1970, haikuwamo. Zilikuwamo nyimbo sita, na tatu kati yake si zao: huo wa Allison, Summertime Blues wa Eddie Cochran, na Shakin' All Over wa Johnny Kidd. Unapata sifa kwa opera, kisha unakwenda sokoni na nyimbo za watu. Kwangu huo ni ujasiri kuliko opera yenyewe. Na jalada lake je? Karatasi ya kahawia yenye maandishi ya muhuri, kama santuri ya magendo. Hata mikwaruzo ya kwenye kanda waliiacha, wakaandika kwenye lebo kwamba isisahihishwe.

Tommy inachungulia mara moja tu, ndani ya My Generation. Wimbo uliokuwa wa dakika tatu na ushei mwaka 1965 hapa unakaribia robo saa, na katikati yake vipande vya opera vinapita, vinapotea, vinarudi vimebadilika sura. Townshend anapiga kitu, anasubiri, anapiga tena. Unasikia anatafuta njia huku watu wakimtazama. Kusema kweli Magic Bus inayofuata inanichosha kidogo, hasa ile harmonika.

Toleo la 1995 liliongeza nyimbo hadi 14 na kuisafisha ile mikwaruzo. La 2001 likaleta Tommy pia. Wapenzi wengi wa bendi hii watakuambia ununue hilo kubwa, na wana hoja: kuna vitu vizuri mno mle, A Quick One kwa mfano. Lakini toleo kubwa ni kumbukumbu ya onyesho. Lile dogo ni uamuzi. Mtu alikaa na kanda ya usiku mzima, akatupa hata kilichompa umaarufu, akabakiza dakika zisizofika 40. Nikiwa na mgeni asiyewajua The Who, namwekea hizo sita, kwa mpangilio wake wa zamani, na sauti naipandisha hadi jirani agonge ukuta.