Kamu Aliuawa Mapema Mno

Kosa la Kintu liko kwenye kurasa zake za kwanza kabisa, na linaniuma kwa sababu riwaya yenyewe naipenda. Jennifer Nansubuga Makumbi anatufungulia Bwaise, mtaa wa Kampala, Januari 2004: mlango unabishwa, Kamu anachukuliwa, umati unamwita mwizi, anauawa. Ndipo tunarudishwa Buddu ya 1750, tuvuke nyika ya o Lwera na Kintu Kidda, ppookino, yaani mtawala, wa Buddu.

Mpangilio huo ulipaswa kugeuzwa. Kisengerembele kizuri hutia shaka. Hiki kimetoa hukumu. Tunaingia o Lwera tukijua tayari kwamba uzao wa bwana huyu unakufa vibaya, kwa hiyo kofi lake linalomuua Kalema, mwanawe wa kulea, halitushtui kama ajali ya mkono wa baba. Tulikuwa tukilisubiri. Laana ya Ntwire, baba mzazi wa Kalema, nayo inatufikia ikiwa habari ya jana. Baya zaidi, ule mwendo wa taratibu ambao ndio uhai wa Kitabu cha Kwanza, yaani msafara, jua, hesabu za ppookino kuhusu Kabaka (mfalme) mpya na mawazo yake juu ya wake zake, unaonekana kizuizi. Msomaji aliyekwisha onjeshwa damu anauliza lini atarudishwa Bwaise. Kisha analalamika kwamba riwaya inachelewa kuanza!

Mwendo ule una kazi yake. Nnakato, mke wa mtawala wa Buddu na pacha wa Babirye wa kwanza, anajiua baada ya kifo cha mwanawe Baale. Zaidi ya miaka 250 baadaye Suubi, wa uzao wa Kintu, anaandamwa na Babirye, pacha wake aliyekufa. Majina ya mapacha wale wa kale yamerudi, na uchungu wao umerudi nayo. Lakini atarudije kwetu mtu ambaye hatukukaa naye? Sisi wa Lubaga tunalijua jambo hili kwa macho. Pale makaburini Kasubi, walikolazwa Kabaka wanne tangu Muteesa I, Nalinya, binti wa kifalme mlinzi wa makaburi, akifariki binti mwingine wa kifalme husimikwa na kukibeba cheo kilekile, na wanaomwamkia huamkia cheo pamoja na wote waliokibeba kabla yake. Heshima hiyo hujengwa kwa muda. Riwaya ilihitaji kutupa muda huo, na ilikuwa nao tayari mkononi.

Aniceti Kitereza hakuogopa mwendo wa taratibu. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuimaliza 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980, inatukalisha kwa wakwe na kutusubirisha pombe ya faini mpaka iive, na hakuna maiti aliyetangulizwa kutushika shati. Nimelisema hili miaka mingi na nitaendelea kulisema: mafunzo ya uandishi yanayodai damu kwenye ukurasa wa kwanza yanatuharibia wasimulizi. Tena damu hiyo kila mara humwagwa vichochoroni mwa Kampala.

Mengine katika Kintu ni kazi safi: Luganda iliyoachwa bila tafsiri, mhusika Miisi na mashaka yake, ukoloni uliorukwa kwa makusudi.

Kamu angengoja hadi Kitabu cha Kwanza kiishe. Nnakato amekwisha zikwa, laana imekwisha tamkwa, ndipo mlango ubishwe Bwaise. Msomaji angesikia jina la ukoo la kijana yule, Kintu, akajua kabla ya umati wote ni nani wanayemfunga kamba.