Kikaratasi Miguuni mwa Ndege

Rangi ya jicho la ndege aliyekufa haikawii kupotea. Ndiyo maana mkusanyaji hodari wa vielelezo vya makumbusho huiandika kabla hajashika kisu, pamoja na rangi ya mdomo na miguu, kwani ngozi ikikauka haitazionyesha tena.

Uchunaji wenyewe wataka vidole vya fundi cherehani. Tumbo hupasuliwa kwa mkato mfupi, unga wa mahindi hunyunyizwa ili damu isilowanishe manyoya, kisha ngozi huvuliwa taratibu mpaka kichwani. Ubongo hutolewa, pamba huingia palipokuwa na nyama. Pamba! Ukiwa Migato, katika nchi ya wakulima wa pamba mkoani Simiyu, Tanzania, hilo halikuhangaishi. Panya naye huchunwa hivyo hivyo, ila fuvu lake hutunzwa kando, maana meno yatasaidia kumtambua. Mwisho hufungwa kikaratasi miguuni: mahali, tarehe, jinsia, uzito, alichokula. Bila kikaratasi hicho, ngozi ni pambo tu.

Daktari Mjerumani Gustav Fischer alikusanya ngozi kama hizi za ndege kwenye nyika za kusini mwa Ziwa Victoria mnamo 1885 na 1886. Alirudi kwao akafariki Novemba 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow, akiwa Berlin, alieleza spishi mpya kadhaa kutokana na ngozi hizo, akiwemo kasuku mdogo mwenye uso wa chungwa, Agapornis fischeri. Kasuku huyo bado hutagia kwenye mashimo ya miti ya Serengeti, jirani kabisa na Simiyu. Fischer hakuwahi kulisoma jina hilo.

Lakini sifa za kazi hii ziligawanywa kwa upendeleo. Mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge alizunguka Tanganyika na Salimu Asmani, mkusanyaji stadi. Wangapi wamemsikia Salimu? Jali Makawa, naye mkusanyaji, ndiye aliyebahatika kidogo. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alimpata ndege mdogo ambaye mwaka uliofuata alipewa jina la Pogoniulus makawai. Mwenziwe hajapatikana hadi leo. Vinasaba vimeonyesha kwamba yu karibu mno na jamaa yake wa kawaida mwenye kiuno cha manjano, na wataalamu wanabishana kama kweli ni spishi ya peke yake. Kila upande, ukitaka ushahidi, hurejea kwenye ngozi ile moja iliyohifadhiwa Uingereza.