Subira ya Yakubu: Kusoma Visa vya Manabii vya Kiswahili Mjini Juba

1. Utangulizi

Sudan Kusini ilipokubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kilipata uwanja mpya kando ya Mto Naili. Lugha, hata hivyo, haiingii mahali mikono mitupu. Huingia na vitabu vyake, majina yake na kumbukumbu zake. Sehemu kubwa ya fasihi andishi ya kale ya Kiswahili ni tendi na kasida zinazosimulia maisha ya mitume na manabii: Yusufu, Ayubu, Musa, na zaidi ya wote Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye kuzaliwa kwake, miraji yake na kutawafu kwake vimetungiwa mashairi yanayosomwa hadi leo Lamu, Mombasa na Unguja. Swali la makala hii ni hili: mwalimu na mtunga mtaala wa Juba, mji ambao wakazi wake wengi ni Wakristo, waifanyie nini hazina hiyo?

Majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza ni kuiacha, kwa hoja kwamba Kiswahili cha Juba kiwe cha biashara, usafiri na ofisi tu. La pili ni kuifundisha kama ilivyofundishwa madrasa za pwani, bila kuuliza msomaji mpya anatoka wapi. Makala inashikilia kwamba majibu yote mawili yana kasoro moja: yanauona utendi wa nabii kuwa mahubiri, si matini. Tukiusoma kama matini, tutakuta ndani yake mambo ambayo Juba inayahitaji, na mengine ambayo Juba ina haki ya kuyahoji.

2. Hofu yenye historia

Si haki kuwalaumu wanaosita. Kusini mwa Sudan ya zamani dini ilitumiwa na dola. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili kwenda Ijumaa. Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa. Na Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri alitangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, mwaka ule ule ambao vita vya pili vilianza. Kwa mzee wa Juba aliyeishi miaka hiyo, msamiati wa Kiarabu ndani ya Kiswahili na visa vya Mtume vinaweza kusikika kama mwangwi wa amri zile. Katiba ya Mpito ya 2011 ilitenganisha dini na dola kwa sababu hiyo hiyo. Mtaalamu wa Kiswahili anayekuja Juba akidai kwamba lugha yake haina upande wowote anawaambia watu jambo wasiloliamini.

Lakini historia ina upande wa pili. Uislamu wa Kusini haukuletwa wote na serikali ya Khartoum, wala haukukaa Kusini tu. Wanajeshi wa Emin Pasha wa jimbo la Ikweta, waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 na kupelekwa Uganda, ndio chimbuko la Wanubi wa Bombo na Kibera. Lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba, na wengi wao ni Waislamu wazungumzao Kiswahili. Hivyo uhusiano wa Juba na Uislamu wa Afrika Mashariki una zaidi ya karne moja. Juba yenyewe ina Waislamu raia, wenye misikiti yao na Baraza la Kiislamu lao. Mtaala unaofuta visa vya manabii kwa ajili ya kuwalinda walio wengi unawaambia raia hao kwamba kumbukumbu yao haina nafasi darasani.

3. Majina ya pamoja, vyeo tofauti

Kabla ya kusoma kisa, msomaji wa Juba hukutana na msamiati. Hapa Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) hutumia majina ya Ibrahimu, Musa, Haruni, Daudi, Yusufu, Ayubu na Nuhu, karibu sawa na yanavyotamkwa na Waislamu wa pwani. Mwanafunzi Mkristo aliyekulia Kakuma au Adjumani, akajifunza Kiswahili kambini, akisikia jina la Ayubu hahitaji kuelezwa huyo ni nani. Mengine hutofautiana: Yesu na Isa, Yohana na Yahya, Yona na Yunus, Eliya na Iliyasi. Hata hivyo tofauti hizo zinaweza kufunzwa kwa jedwali la ukurasa mmoja.

Ugumu uko kwenye vyeo. Katika matumizi ya Kiislamu, neno Mtume likisemwa bila jina humaanisha Muhammad (S.A.W.). Katika Biblia ya Kiswahili, mtume ni Paulo na wale Kumi na Wawili, na Isaya ni nabii. Kwa maulamaa wengi wa Kiislamu kila mtume ni nabii, lakini si kila nabii ni mtume, kwa sababu mtume hupewa ujumbe wa kuufikisha kwa umma. Qur'ani huwataja kwa majina ishirini na watano kwa hesabu iliyozoeleka, na husema pia kwamba wapo wengine ambao habari zao hazikusimuliwa. Mwanafunzi anayesoma utendi kwa kamusi ya Biblia atakosea mara mbili: atamshusha Musa, ambaye kwa Waislamu ni mtume mwenye kitabu, na atashangaa Paulo kutotajwa.

Juba inaongeza maana ya tatu. Wanahistoria na wanaanthropolojia wanaoandika kwa Kiingereza humwita Ngundeng Bong, kiongozi wa kiroho wa Wanuer aliyefariki mwaka 1906, kwa neno lile lile wanalotumia kwa Isaya. Jina lake bado lina uzito: fimbo yake iliporudishwa Sudan Kusini mwaka 2009 ilipokewa Juba kwa heshima kubwa. Tukitafsiri neno hilo kuwa nabii, tunamkera Muislamu anayeamini kwamba unabii ulikamilika kwa Muhammad, na pia tunamwondoa Ngundeng katika istilahi ya watu wake, ambao mtu wa aina yake humwita gwan kwoth, yaani mwenye roho. Pendekezo letu ni kulihifadhi neno la Kinuer na kulifafanua. Istilahi nzuri haihitaji kumwingiza kila mtu katika nyumba moja.

4. Yakubu ajuaye

Tuje kwenye matini. Kisa cha Yusufu ndicho kinachofaa kuanzia, kwa kuwa Qur'ani hukisimulia chote mfululizo katika sura moja ya aya 111, na Kiswahili kina utendi wake uliohifadhiwa katika miswada ya hati ya Kiarabu. Annachiara Raia, katika kitabu chake cha 2020, ameichunguza miswada hiyo na mwingilianomatini wake. Umbo la utendi, beti za mishororo minne yenye mizani minane na kina cha mwisho kinachoshikiliwa hadi tamati, linamruhusu msimulizi kupanua kile ambacho sura imekifupisha, bila kupoteza sikio la hadhira.

Wasomaji wengi wa Juba wanakijua kisa hiki kutoka Kitabu cha Mwanzo. Kwa sababu hiyo huweza kudhani ni kile kile. Sicho, na tofauti yenye uzito wa kifasihi iko kwa baba. Katika Mwanzo, Yakobo anaonyeshwa kanzu yenye damu na anaamini kwamba mnyama mkali amemla mwanawe, anadanganyika. Katika mapokeo ya Kiislamu, Yakubu anaiona damu na papo hapo anawaambia wanawe kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo hilo, kisha anashika subira njema. Yeye ni nabii; hadanganyiki kwa kanzu.

Badiliko hili linahamisha kiini cha mvutano. Msomaji wa Mwanzo hungoja siku baba atakapojua. Msikilizaji wa utendi hungoja kuona baba anayejua ataishije na wanawe miaka yote hiyo, akila nao, akiwatuma Misri kununua chakula, akiwakabidhi hata mwana mwingine. Nguo nazo zinabeba hoja: kanzu yenye damu ya uongo, kanzu iliyochanwa kwa nyuma inayothibitisha kuwa Yusufu hakuwa na hatia, na kanzu ya mwisho ambayo harufu yake inamrudishia Yakubu macho. Vazi lililotumiwa kudanganya ndilo linalorudi kuponya.

Tuseme wazi kwa nini jambo hili lina uzito Juba. Tangu Desemba 2013 familia nyingi za Sudan Kusini zimeishi katika hali ya Yakubu: zinajua, au zinahisi kwa nguvu, nani aliyemchukua mwana wao, na mtu huyo yuko mtaa wa pili au ofisi ya pili. Mikataba ya amani ya 2015 na 2018, katika sura yake ya tano, iliahidi Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji. Mjadala kuhusu tume kama hiyo mara nyingi huanza kwa neno msamaha. Kisa hakianzi hapo. Yusufu anawaondolea lawama ndugu zake baada ya wao kukiri kwamba walikosa, si kabla. Isitoshe, anayesamehe ndiye aliyetupwa kisimani. Hakuna mtu wa tatu anayesamehe kwa niaba yake. Mshauri wa sera anayetaka kutumia visa vya dini katika maridhiano auangalie mpangilio huo wa matukio kabla ya kuutumia ujumbe wake.

5. Ayubu na hatari ya subira

Utendi wa Ayubu, ambao Alice Werner aliuchapisha mwanzoni mwa miaka ya 1920, unatoa mfano mgumu zaidi. Qur'ani inasimulia kisa cha Ayubu kwa aya chache tu, katika sura za Al-Anbiyaa na Saad. Mapokeo ya visa ndiyo yaliyojaza nafasi: mali iliyopotea, watoto waliokufa, mwili uliooza, na mke mwaminifu anayefanya vibarua ili mumewe ale. Katika mapokeo hayo mke huyo ni mhusika mwenye nguvu ambaye uhakiki wetu umemtaja kwa haraka mno. Ayubu anasubiri akiwa amelala. Mkewe anasubiri akiwa anatembea kutafuta riziki. Mwanamke wa Juba aliyelea familia kwa kuuza chai atamtambua mara moja.

Hata hivyo hapa msomaji ana haki ya kuhoji. Ayubu wa Biblia hunyenyekea mwanzoni, kisha kwa sura nyingi anabishana, anadai majibu, anaomba kesi yake isikilizwe. Ayubu wa utendi ni kielelezo cha subira. Katika nchi ambayo raia wameambiwa wasubiri uchaguzi, mishahara na haki, subira inaweza kugeuzwa kuwa dawa ya usingizi mikononi mwa wenye madaraka. Je, utendi unafaa kwa kazi hiyo?

Jibu letu ni kwamba haufai, endapo utasomwa pamoja na kisa cha Yusufu. Subira ya Yakubu si kimya. Analia hadi macho yake yanapofuka kwa huzuni. Anawaambia wanawe kwamba malalamiko yake anayapeleka kwa Mungu. Na kisha anawatuma waende wakamtafute Yusufu wala wasikate tamaa. Nabii anayesubiri hapa ni yule anayelia, anayelalamika na anayetuma watu kutafuta. Mwalimu akimfundisha Ayubu peke yake, atakuwa amefundisha nusu ya dhana, na nusu hiyo ndiyo inayowafaa watawala.

6. Tendi zisizofaa kuanzia

Si kila utendi wa Mtume unapaswa kupewa nafasi ya kwanza. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728, ni kilele cha sanaa ya tendi, lakini kiini chake ni vita baina ya Waislamu na jeshi la Kirumi la Herekali, mfalme Mkristo. Darasani Lamu, utendi huo ni urithi. Darasani Juba, ukifunzwa bila historia, utasomwa kama habari za juzi. Mahali pake ni chuo kikuu, pamoja na mjadala wa muda mrefu wa nafasi ya Uislamu katika ushairi wa Kiswahili, kuanzia Lyndon Harries (1962) hadi Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988).

Badala yake, sira ya Mtume inaweza kuanzia kwenye tukio la hijra ya kwanza, Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka mwaka 615 hivi wakahifadhiwa Habasha na mfalme Mkristo, Najashi. Wanafunzi wengi wa Juba wamekuwa wakimbizi Kenya, Uganda na Ethiopia. Kisa hicho kinawaonyesha wafuasi wa Mtume wakiwa wageni wanaoomba hifadhi, na Mkristo wa Afrika akiwa ndiye mwenye nyumba.

7. Hitimisho

Makala imependekeza mambo manne. Kwanza, mtaala wa Kiswahili Sudan Kusini usifute visa vya manabii, bali uvichague. Pili, kila chapa ya shule iwe na jedwali la majina na maelezo ya vyeo vya nabii na mtume katika matumizi yote mawili, na istilahi za wenyeji zihifadhiwe kama zilivyo. Tatu, Yusufu na Ayubu wafundishwe pamoja, kila mmoja akilinganishwa na simulizi la Biblia, ili tofauti zifundishe badala ya kufichwa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Juba, viandae chapa hiyo pamoja na walimu wa dini zote mbili tangu mwanzo wa kazi.

Kiswahili hakitakubalika Juba kwa kujifanya hakina historia. Kitakubalika pale mwanafunzi atakapoona kwamba ndani ya historia hiyo yumo mzee aliyejua kilichompata mwanawe, akakaa na waliomtenda, akalia, na bado akawaambia waende wakamtafute.