Fundi wa Chukudu

Chukudu husifiwa kwa mzigo. Makaa, viazi, kabichi, mbao, saruji: ni vichache katika mji wa Goma ambavyo havijapakiwa juu ya baiskeli hii ya mti, na mjini mwendeshaji wake amesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Anastahili. Mimi sifa zangu nampelekea fundi, tena kwa jambo ambalo mnunuzi mwenye pupa halitazami: anavyojua kuukawiza mzigo.

Barabara ya kutoka Kibumba hadi Goma inateremka, na huko juu ndiko viazi vinakotoka. Magunia yenye uzito wa kilo mia kadhaa hushuka na mtu mmoja. Kinachomwokoa asiishie mtaroni ni kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Akikikanyaga, mpira husugua mpira, na mwendo hupungua. Kawia ufike, wasemavyo wazee.

Kukifunga kipande hicho ni kazi ya akili. Kikikaribia mno, kitasugua safari nzima na kumchosha mtu kwenye tambarare. Kikiwa mbali, mguu utachelewa kukipata, na mteremko haungoji mtu. Fundi mzuri hukigusa kwa kisigino chake mwenyewe, anakifungua, anakisogeza, anakifunga tena.

Na breki haifai kitu gurudumu lisipokuwa duara. Hapo ndipo namwonea fahari zaidi. Anachonga mti mgumu kwa panga na tezo, anauzungusha, anafumba jicho moja, anaondoa ganda jembamba, anauzungusha tena. Mteja anaweza kulalamika anavyotaka. Ndipo ukanda wa tairi unapigiliwa misumari kuzunguka ukingo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na mitaa mingi bado ina mawe meusi yenye makali. Juu ya mawe hayo gurudumu lenye pembe litautikisa mzigo mpaka misumari ilegee. Gurudumu la mti likiumia, panga, nyundo na kipande cha tairi vitalirudisha barabarani siku ileile, na kila kimoja kinapatikana mtaani.

Kwa hiyo ukienda kununua, usianze na upana wa sehemu ya mzigo. Inua mkia wa chukudu, lizungushe gurudumu, kisha kanyaga mpira na usikilize.