Octobre Rose inafundisha kutafuta uvimbe, haifundishi kuchagua

Leo sikosoi kitabu wala filamu. Nakosoa hotuba moja ambayo sisi wote tunaijua kwa moyo: ile ya Octobre Rose, mwezi wa kansere ya titi. Haina mwandishi mmoja. Inasemwa na wauguzi, na ma-relais wa zoni ya afya, na wachungaji, na sisi wenye lisanse tukipewa maikrofoni. Lakini ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mambo inayoyasema na mambo inayoyaruka, na mtu anaweza kuisoma kwa jicho kali.

Kwanza tuisifu, sababu inastahili. Hotuba hiyo imelitoa neno «kansere» katika minong'ono. Imevunja wazo kwamba kisichouma hakina hatari, maana uvimbe wa kansere ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Mama anayeenda kuonyesha kitu kidogo kama punje ya njugu, badala ya kungoja kiwe kidonda, amesaidiwa na hotuba hiyo. Tusimdharau aliyeisema.

Sasa tusikilize vitenzi vyake. Jipapase. Wahi. Usiogope. Vyote vinamwamrisha mama. Akishafika kwenye mlango wa hospitali, vitenzi vinageuka: utatibiwa, utapona. Kati ya «wahi» na «utapona» kuna siku ambayo mama ameketi mbele ya docta, na docta anamwambia: tunaweza kuondoa titi lote, au tunaweza kuondoa uvimbe na kuliacha titi. Ni siku ngumu kuliko zote, na juu ya siku hiyo hotuba iko kimya.

Hata mpango wa dunia hausemi hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilianzisha mpango wa dunia wa kansere ya titi wenye malengo matatu: kati ya wagonjwa 100, angalau 60 wagunduliwe ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi umalizike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na 80 kati ya 100 wamalize matibabu yote. Ni nguzo tatu. Sisi tumechukua ya kwanza tu, tukaivalisha kitambaa cha roze. Ya pili na ya tatu ndizo zinazoamua kama kugunduliwa mapema kutamfaa mama kitu.

Kimya hakikai tupu. Sauti mbili zinaingia. Ya kwanza inatoka katika simu: video za Ulaya na Marekani ambamo docta anatabasamu na kusema siku hizi hakuna haja ya kuondoa titi. Ya pili inatoka mtaani: kisu kinaamsha kansere, aliyekatwa hakai, afadhali mizizi na maombi. Mama wa Baraka anazisikia zote mbili kwa siku moja. Ya mtaani ni uongo, na ni uongo unaoua. Ya simu si uongo, lakini ni nusu ya maneno, na hiyo nusu inayokosekana ndiyo inayotuhusu sisi wa Fizi.

Tuitafute. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted, daktari wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, aliweka desturi ya kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Aliamini kwamba ukikata sana, unaokoa sana. Madaktari walimfuata zaidi ya miaka 70. Kiisha watu wawili wakauliza swali ambalo hata mkulima angeliuliza: je, mmepima? Umberto Veronesi huko Milano alianza jaribio lake mwaka 1973, na Bernard Fisher huko Marekani akaanza lake mwaka 1976.

Hapa sisi wa agronomia tuko nyumbani. Walichofanya ni jaribio la viwanja. Mbegu hii huku, mbegu ile kule, kiwanja cha kulinganishia pale, na kura ndiyo inayopanga, si mapenzi ya mtafiti. Mtindo huo wa kura aliusimamisha Ronald Fisher, ambaye ni Fisher mwingine, katika mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920. Kwa hiyo tukiambiwa matokeo yake, tunajua uzito wake.

Bernard Fisher aligawa wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimeta 4 katika makundi matatu: kuondolewa titi lote, kuondolewa uvimbe peke yake, kuondolewa uvimbe kisha kupigwa mionzi. Baada ya miaka 20, mwaka 2002, alitoa hesabu. Makundi yote matatu waliishi sawasawa. Kwa hiyo Halsted alikosea: titi lote si lazima. Hiyo ndiyo nusu ambayo video inaisema.

Nusu ya pili ni hii. Kati ya walioachiwa titi na kupigwa mionzi, kansere ilirudi katika titi lile lile kwa karibu 14 kati ya 100. Kati ya walioachiwa titi bila mionzi, ilirudi kwa karibu 39. Tena mwaka 2011 majaribio 17 yenye wanawake zaidi ya 10,000 yalijumlishwa pamoja, na hesabu ikaonyesha kwamba mionzi baada ya kuhifadhi titi inapunguza pia vifo: ndani ya miaka 15, kutoka karibu 25 kati ya 100 hadi karibu 21. Maana yake, upasuaji mdogo si kitu kimoja. Ni vitu viwili vilivyofungwa kamba moja: kisu na mionzi. Docta wa kwenye video anataja kisu na kutabasamu, kwa sababu mashine ya mionzi iko katika jengo la nyuma yake.

Nyuma ya docta wa Baraka au wa Fizi haiko. Mashine ambazo watu wa kwetu wanazitaja ziko ng'ambo ya mipaka: Kigali, katika kituo cha kansere cha hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Dar es Salaam, Ocean Road, Kampala, Mulago. Kutoka kwetu kwenda Dar, mtu anavuka Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma, kiisha anakata Tanzania nzima. Wengi wetu tuna ndugu Nyarugusu, tunaijua njia hiyo, lakini kuijua njia si kuwa na makuta ya kuipita. Na hata kufika Bukavu, tangu mji ulipoingia mikononi mwa M23 Februari 2025, si safari ya kupanga kwa kalenda.

Mionzi yenyewe si sindano moja. Kwa mtindo wa zamani ni siku tano kwa juma, kwa majuma matano. Siku hizi vituo vingi vinatoa mionzi ya majuma matatu, na utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi hata juma moja linaweza kutosha. Kwa mama anayekaa nusu saa na hospitali, tofauti hiyo ni usumbufu tu. Kwa mama wa Mboko au Lulimba, tofauti ya juma moja na majuma matano ni shamba lililimwa au halikulimwa. Hotuba haijawahi kumwambia aulize: ni majuma mangapi?

Na mashine nazo hufa. Ile ya Mulago, iliyonunuliwa mwaka 1995 na kuwa pekee katika Uganda nzima, iliharibika kabisa mwaka 2016. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa muda huo wote, mwanamke aliyekwisha kuondolewa uvimbe kwa kutegemea mionzi ya Kampala alibaki na kisu bila mwenzake.

Kuna jambo lingine ambalo video haiwezi kulijua. Wanawake wa jaribio la Fisher walifuatwa miaka 20. Kansere iliporudi ndani ya titi, ilionwa, na walipasuliwa tena. Waliishi sawasawa na wenzao kwa sababu nafasi ya pili ilikuwapo. Mama ambaye baada ya operesheni atakimbia vita mara mbili, atakaa Nyarugusu mwaka mmoja, kiisha arudi kulima, nani atampima kila miezi sita? Kwake nafasi ya pili si ya kuhesabia.

Ndiyo maana nasema: kwa mwanamke wa Fizi asiye na njia ya hakika ya kufikia mionzi, kuondoa titi lote mara nyingi ndilo chaguo lenye akili. Tulimwambie hivyo. Tusimwambie kwa sauti ya msiba, kama vile amekosa uzuri ambao wazungu wanaupata. Amepima njia yake, akachagua kile kinachoweza kumalizika.

Lakini nisigeuke kuwa Halsted wa Baraka. Kuondoa titi lote hakumpi kila mtu ruhusa ya kusahau mionzi. Uvimbe ukizidi sentimeta 5, au kansere ikishaingia katika tezi kadhaa za kwapani, madaktari huishauri hata baada ya titi kuondolewa. Uvimbe mkubwa sana huanzishiwa dawa kwanza, kisu baadaye. Na mama mwenye uvimbe mdogo, mwenye ndugu wa kumpokea Kigali au Dar, ana haki ya kuambiwa wazi kwamba titi lake linaweza kubaki. Kumficha hilo kwa kuwa «huku kwetu tunakata tu» ni kosa lile lile, limevaa nguo nyingine.

Kuna kitabu kinachoonyesha kwamba siku hiyo ngumu inaweza kusemwa. Audre Lorde, mshairi mweusi wa New York, aliondolewa titi la kulia mwaka 1978, na mwaka 1980 akatoa The Cancer Journals. Anaandika hofu yake, mahesabu yake kabla ya kisu, na yaliyofuata. Baada ya operesheni aliletewa kifuko cha sufu cha kuweka ndani ya sidiria ili aonekane kama zamani. Alikikataa. Muuguzi katika ofisi ya daktari wake alimkemea kwamba kutokivaa kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde anajibu kwamba wanawake wa titi moja wakifichwa, hawataweza hata kutambuana.

Nina neno na Lorde pia. Alikuwa na mji mkubwa wa kumficha anayetaka kufichwa. Mama wa soko la Baraka anayeshona kitambaa ndani ya sidiria yake ili wateja wasimkodolee macho, simhesabu mwoga. Lakini msingi wa Lorde unasimama: asiyeonekana hawezi kumshauri mwenzake. Katika Octobre Rose zetu tunaona vitambaa vya roze, mabango na viongozi. Mama mwenye kovu tunamwona mara ngapi akipewa maikrofoni? Yeye peke yake angeweza kuua ule uongo wa mtaani, kwa kusimama tu: nilikatwa, na niko hapa.

Mwisho, hotuba inamsemesha mama kana kwamba anaishi peke yake. Sisi tunajua baraza linaketi: bwana, shemeji, mama mkwe, pengine mchungaji. Docta akisema «titi lote», kuna bwana atakayeuliza atabaki na bibi wa namna gani. Swali hilo lijibiwe kabla halijaulizwa nyumbani, na lijibiwe mbele ya wanaume. Titi ni la mwenye mwili. Baraza limsaidie kupata nauli, lisimpokonye uamuzi.

Oktoba ijayo tutapewa maikrofoni tena. Tusiifute hotuba ya zamani, tuiongezee. Baada ya «wahi», tumpe mama maswali ya kuingia nayo kwa docta: Kipande kimepimwa maabara, kweli ni kansere? Uvimbe una sentimeta ngapi, na tezi za kwapani zikoje? Ukiliacha titi, mionzi nitaipata wapi, majuma mangapi, kwa makuta gani? Mashine inafanya kazi leo? Nikishindwa kufika, nini kitatokea?

Ni maswali matano, yanaenea kwenye karatasi moja ya daftari. Tuyaandike kwa Kiswahili na kwa Kibembe, na mama akitoka uwanjani awe ameshika karatasi hiyo pamoja na kitambaa chake.