Bildi Nzuri Hutambulikaje

Mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, Steve Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akifoka. Asubuhi nzima ilikuwa imempotelea akisaka kosa ambalo alikuwa ameshalisahihisha. Msimbo ulikuwa sawa, ila haukuwa umepitishwa tena kwenye kompaila, kwa hiyo kila alipoiendesha programu yake, kompyuta ilimletea ile ya zamani. Jioni iliyotangulia Feldman naye alikuwa amehangaishwa na mkasa huohuo. Wikiendi hiyo akaandika Make, programu inayotazama ni faili gani limebadilika na kujenga upya vile tu vinavyolitegemea. Mwaka 2003 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya ACM, chama cha wanataaluma wa kompyuta.

Tangu hapo zana za aina hii zimezaliana. Ant ilitoka mwaka 2000, Maven ikafikia toleo la kwanza kamili mwaka 2004, ikafuata Gradle, kisha Bazel ambayo Google iliifungulia umma mwaka 2015. Juu ya zana hizo zimekaa seva kama Jenkins, ambazo hujenga zenyewe kila mtu anapoingiza mabadiliko. Katika benki, kampuni za simu na idara za serikali, msanidi programu huikuta mitambo hii imeshafungwa kitambo, na manung'uniko yake ni yaleyale popote aendapo: ni mizito, faili za XML hazina mwisho, bildi (kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu) imefeli tena na hakuna ajuaye kwa nini.

Manung'uniko hayo yana haki, lakini hayamsaidii mtu kutenganisha mtambo mzuri na mbovu. Johnson hakuudhiwa na mwendo wa kompyuta yake. Kilichomuudhi ni kwamba alichokuwa akikiona kwenye skrini hakikuwa na uhusiano na alichokuwa ameandika. Mjuzi wa bildi huanzia hapohapo: mtambo ukisema kazi imefaulu, je, imefaulu kweli? Ukisema imefeli, anajua pa kwenda? Vipimo vya kujibu maswali hayo si vingi, na havihitaji mtaalamu wa kukodiwa.

Kompyuta ngeni

Kipimo cha kwanza hufanywa kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona kazi hiyo. Msimbo unapakuliwa, amri moja inaandikwa, mpimaji anasubiri. Mwandishi wa masuala ya programu Joel Spolsky aliliweka jambo hili katika orodha yake maarufu ya maswali 12 ya mwaka 2000: je, mnaweza kujenga kwa hatua moja? Katika ofisi nyingi jibu huwa waraka mrefu. Sakinisha Java ya toleo fulani, nakili faili la mipangilio kutoka kwa mwenzako, tengeneza folda yenye jina hili na si lile. Kila hatua iliyobaki nje ya amri ile ni mlango ambao kompyuta mbili zitapitia kutofautiana, na mwisho wake ni ile kauli isiyokosekana kwenye vikao vya wasanidi: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Mpimaji aangalie pia mipangilio ya seva inakaa wapi. Kwa miaka mingi kazi za Jenkins zilipangwa kwa kubofya kurasa, na matokeo ya mibofyo hiyo yakahifadhiwa ndani ya seva yenyewe, mbali na msimbo. Aliyeipanga akihama kazi, maarifa yalihama naye. Toleo la 2.0, lililotoka Aprili 2016, liliruhusu mpangilio wote uandikwe katika faili liitwalo Jenkinsfile, likae pamoja na msimbo na kuhaririwa kama sehemu nyingine yoyote ya kazi. Timu ambayo mpaka leo inabofya inastahili kuulizwa sababu.

Mara ya pili

Bildi ikishafaulu, amri ileile irudiwe bila kugusa kitu. Make itatoa mstari mmoja kueleza kwamba hakuna kilichopitwa na wakati. Gradle itaripoti kwamba hatua zake ni up-to-date na kumaliza upesi. Mtambo unaoanza kujenga upya kila kitu haujui kilichobadilika. Huo ni udhaifu, ila unavumilika. Usiovumilika ni ule unaodai hakuna kilichobadilika ilhali kimebadilika, kwa sababu huo unamrudisha mtu kwenye asubuhi ya Johnson.

Aibu hiyo haionekani kwenye matangazo ya zana. Huonekana kwenye vidole vya wanaoitumia. Mpimaji akae nyuma ya msanidi mzoefu na atazame anachoandika. Ikiwa kila mara ni amri ya Maven "mvn clean install", yaani futa vyote kisha jenga upya, basi huyo ameshachomwa siku za nyuma na hauamini tena mtambo wake. Analipa dakika kadhaa kila mara ili anunue uhakika ambao angepaswa kupewa bure.

Kuhusu mwendo wenyewe, Kent Beck, mwasisi wa mtindo wa Extreme Programming, aliweka kikomo cha dakika kumi kwa kujenga na kupima mfumo mzima. Alijua kwamba bildi inayozidi hapo huanza kukwepwa. Lakini mjuzi haishii kwenye saa. Anauliza muda unaenda wapi. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walipima ujenzi wa programu yao moja kubwa ya C++ wakakuta faili takriban 2,000 zenye jumla ya megabaiti 4.2, ambazo zilipofika kwenye kompaila zilikuwa zimevimba hadi kupita gigabaiti 8, kwa kuwa faili zilezile za vichwa (header) zilisomwa tena na tena. Rob Pike ameeleza kwamba wazo la lugha ya Go lilizaliwa wakati yeye na wenzake wakisubiri bildi ya takriban dakika 45. Timu ambayo dawa yake pekee ya uzito ni kununua seva kubwa zaidi haijafika kwenye ugonjwa.

Vunja makusudi

Hapa ndipo zana nyingi za gharama huumbuka. Mpimaji afute nukta mkato moja, ajenge, kisha asome.

Ujumbe wa kosa unapaswa kutaja faili, mstari na sababu, tena pale mwisho ambapo jicho linaangukia. Make yenyewe, pamoja na sifa zake zote, ilifeli mtihani huu kwa muda mrefu. Mistari ya amri zake lazima ianze kwa Tab. Mtu alipotumia nafasi za kawaida, ambazo kwa macho ni kitu kilekile, aliambiwa tu kwamba kitenganishi kinakosekana. Feldman alilijua tatizo mapema, ila tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni hivi, wengi wao rafiki zake, akaona haya kuwaharibia. Watumiaji wakaongezeka hadi mamilioni, na Tab ikabaki palepale. Ilimchosha James Duncan Davidson kiasi kwamba alipounda Ant aliachana nayo na kuchagua XML, akawaletea wasanidi wa Java maumivu mapya. Siku hizi GNU Make, ikikuta nafasi nane mahali pa Tab, humwuliza mwandishi kama alikusudia Tab. Swali fupi tu, lakini limeokoa muda wa watu wengi.

Kwa kulinganisha, timu ya lugha ya Elm iliamua mwaka 2015 kuandika ujumbe wa makosa kama mtu anayemweleza mwenzake, na mwaka uliofuata Rust ikabadilisha wake: mstari wenye kosa unaonyeshwa, mshale unaelekeza penye dosari, na mara nyingi pendekezo la kusahihisha lipo chini yake. Maven, kwa upande mwingine, hufunga logi yake kwa ushauri wa kuendesha tena kwa -e au -X ili upate maelezo zaidi, huku chanzo cha kufeli kikiwa kimeachwa juu. Msanidi mpya husoma mwisho. Mkongwe ameshajifunza kupanda ngazi.

Chomoa waya

Programu ya leo hujengwa juu ya maktaba za watu wengine, na mtambo huzivuta kutoka mtandaoni. Swali ni nini hutokea zisipopatikana.

Machi 2016 mtunzi mmoja aliondoa kazi zake kwenye npm, hifadhi ya maktaba za JavaScript, ikiwamo left-pad, kipande cha mistari 11 kinachojaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Bildi zilianguka duniani kote hadi npm ilipokirudisha. Tarehe 15 Januari 2020 hifadhi kuu ya Maven iliacha kupokea maombi ya HTTP isiyo na usalama. Uamuzi ulikuwa sahihi na ulitangazwa mapema, lakini mifumo ambayo haikuguswa kwa miaka iligoma asubuhi hiyo. Afrika Mashariki ilipata somo lake tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Ofisi yenye hifadhi yake ya ndani, inayotunza nakala ya kila maktaba iliyowahi kuvutwa, iliweza kuendelea kujenga. Isiyo nayo ilingoja.

Kwa hiyo mpimaji azime mtandao na kujenga kwa "mvn -o" au "gradle --offline". Kisha afanye jaribio la hila zaidi: akate mtandao katikati ya upakuaji, aurudishe, na kujaribu tena. Maven huweka kumbukumbu ya upakuaji ulioshindikana katika faili lenye mwisho wa .lastUpdated, na inaweza kukataa kujaribu upya mpaka muda fulani upite, hata kama mtandao umesharejea. Dawa ni kuongeza -U kwenye amri. Asiyelijua hilo anaweza kulaumu mtandao wa ofisi siku nzima.

Nyekundu isiyotisha

Kohsuke Kawaguchi alianza kuandika Hudson, iliyokuja kuitwa Jenkins mwaka 2011, alipokuwa Sun Microsystems, baada ya kuchoka kuwa yeye ndiye anayevunja bildi ya wenzake. Ukurasa wa Jenkins huonyesha hali ya hewa: jua kwa kazi ambayo bildi zake za karibuni zimefaulu, mawingu na radi kwa inayofeli mfululizo. Ishara hiyo ina maana pale tu kufeli kunapotokana na msimbo.

Mwaka 2016 Google ilieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yake yalikuwa na kiasi fulani cha kigeugeu, yakifaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kubadilika. Ugonjwa huu una dalili moja isiyofichika: bildi ikiwa nyekundu, yaani imefeli, je, mkono wa kwanza unaenda kwenye logi au kwenye kitufe cha kurudia?

Jenga mara mbili, linganisha

Kipimo cha mwisho ni kigumu kuliko vyote. Msimbo uleule ujengwe kwenye kompyuta mbili, kisha matokeo yapimwe kwa sha256sum, inayolipa kila faili alama yake ya utambulisho. Mara nyingi alama hazilingani, kwa sababu tarehe, njia za folda au mpangilio wa faili umejipenyeza ndani. Mradi wa Debian umepambana na tofauti hizo tangu mwaka 2013.

Anayeuona huo kuwa usafi wa kupita kiasi akumbuke kampuni ya SolarWinds. Mwaka 2020 iligundulika kwamba wavamizi walikuwa wameingia kwenye mtambo wake wa kujenga programu ya Orion. Programu yao ilivizia zana ya kujengea, MSBuild, ianze kazi, ikabadilisha faili moja la msimbo, kisha ikarudisha lile la asili bildi ilipokwisha. Hifadhi ya msimbo ilibaki safi, sahihi ya kampuni ilikuwa halali, na sasisho lenye sumu likawafikia wateja wanaokadiriwa kufika 18,000. Kulinganisha na bildi ya kompyuta nyingine, isiyoguswa, kungeonyesha kwamba kilichotoka si kilichoandikwa.

Kupanga alama

Vipimo hivi havina uzito sawa. XML ndefu ni kero, na watu huizoea. Mwendo wa polepole hutibika. Bildi zisizolingana biti kwa biti ni kasoro ambayo hata miradi mikubwa bado inaishughulikia. Lakini mtambo unaoacha matokeo ya zamani yapite kama mapya, au ambao nyekundu yake imeshazoeleka, ukatwe alama bila huruma hata ukiwa na kurasa za kupendeza na plagini mia.

Muuzaji akija na maonyesho yake, mkuu wa kitengo aombe mambo mawili ambayo hayamo kwenye slaidi: nukta mkato moja ifutwe, na mtandao ukatwe katikati ya bildi. Kisha msanidi aliyeajiriwa karibuni kuliko wote apewe kiti, asome logi na kueleza kilichotokea katika kila jaribio. Akiweza bila kumgeukia muuzaji, mazungumzo ya bei yaanze.