KAMERA NA MAISHA YA KILA SIKU: FUNZO KUTOKA MSUMBIJI

Katika mijadala yetu juu ya utamaduni, mara nyingi huzuka swali: mpiga picha achukue wapi malighafi ya sanaa yake? Wako wanaodhani kwamba sanaa hii huanzia mbali na nyumbani: kwenye mlima wenye theluji, kwenye tanga la jahazi jua linapotua, au kwa Mmasai aliyesimama na mkuki wake. Hiyo ni kasumba tuliyoachiwa na kadi za posta za wakoloni, zilizouza sura ya nchi bila kuonyesha wenye nchi wanaishije. Wako pia, na hasa miongoni mwetu makada, wanaodhani kwamba picha yenye manufaa ni ile ya kiongozi akikata utepe. Maoni yote mawili yana kosa moja, nalo ni kuuruka mtaa anaoishi mpiga picha mwenyewe. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Msimamo wetu ni kwamba mazingira ya kila siku ndiyo chemchemi ya sanaa hii, kwa sharti kwamba msanii awatazame watu kama watu kabla ya kuwahukumu. Hoja hiyo tutaipima kwa kazi za Ricardo Rangel wa Msumbiji (1924–2009).

Mpiga picha na mji wake

Rangel alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Alianzia kwenye chumba cha giza, akisafisha picha zilizopigwa na wengine. Mwaka 1952 aliajiriwa na gazeti la Notícias da Tarde, akawa mpiga picha wa kwanza asiye Mzungu katika magazeti ya nchi hiyo. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la Tempo.

Moja ya picha zake mashuhuri inaonyesha vyoo. Mlango mmoja una kibao kinachosema “wanaume”, na wa pili kinasema “watumishi”. Hakuna bunduki wala damu. Lakini ukisoma vibao hivyo pamoja, unaelewa kwamba katika hesabu za mkoloni mwanamume ni Mzungu, na Mwafrika hakuhesabiwa humo. Yeye ni mtumishi tu. Watu walipita hapo kila siku na wengi walikwisha kuzoea. Ukoloni haudumu kwa nguvu ya askari peke yake. Hudumu pia kwa sababu tusi limegeuka kuwa kibao cha kawaida ukutani. Rangel alikitoa kibao hicho katika mazoea na kukirudisha kwa watu kama swali. Wakaguzi wa serikali ya Kireno walilielewa jambo hili vizuri, ndiyo maana picha zake nyingi zilizuiwa au kuharibiwa, na nyingine hazikuweza kuchapishwa mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1975.

Mtaa wa Araújo

Kazi yake nyingine kubwa ni picha za Mtaa wa Araújo, karibu na bandari, mtaa wa mabaa na madanguro. Humo waliingia mabaharia na askari wa Kireno, pamoja na Wazungu wa Afrika Kusini waliokuja kufuata starehe ambazo sheria za ubaguzi za kwao ziliwakataza. Picha hizo zilikusanywa katika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni “Mkate Wetu wa Kila Usiku”. Jina hilo linageuza maneno ya sala ya Wakristo, na tafsiri yake kisiasa ni wazi: kwa wanawake hawa, usiku ndio zamu ya kazi.

Rangel hakuwapiga picha kwa kuvizia. Wengi wanaitazama kamera kama mtu anayemtazama jirani. Tunaona uchovu wao, urembo wao na kicheko chao. Hawakufanywa mapambo, wala hawakufanywa mfano wa upotovu.

Uhuru ulipokuja, mtaa ule ulipewa jina jipya, Bagamoyo, kwa heshima ya mji wetu ambamo FRELIMO iliwahi kuwa na shule yake. Lakini wanawake wenyewe walionekana kuwa uchafu wa ukoloni, na wengi walipelekwa kwenye kambi za kuelimishwa upya. Mwaka 1983 Operesheni Uzalishaji iliwahamisha kwa nguvu watu wa mijini walioitwa wasiozalisha mali, wengi wao mpaka Niassa. Mwaka huohuo, hapa kwetu, zoezi la Nguvukazi liliwasomba watu wa Dar es Salaam walioitwa wazururaji. Katika nchi zote mbili, makada walikuwa na orodha mikononi, lakini nyuso za watu hawakuzitazama. Picha za Mtaa wa Araújo zinatuonyesha binadamu waliokuwa nyuma ya neno lililoandikwa kwenye orodha.

Mipaka ya picha

Hata hivyo, tusiitukuze kamera kupita kiasi. Katika picha za mtaa ule tunamwona mteja na mwanamke. Hatumwoni mwenye baa akihesabu faida, wala hatuoni umaskini uliomsukuma binti kutoka kijijini. Picha huonyesha dalili za unyonyaji, lakini haiwezi peke yake kueleza chanzo chake. Kwa hiyo huhitaji maneno, uchunguzi na mjadala. Msanii asiyechambua jamii ataishia kukusanya huzuni za wanyonge kama mtu anayekusanya stempu.

Wajibu wetu

Leo kijana wa chuo ana kamera ndani ya simu yake. Hana sababu ya kungoja safari wala sherehe. Aanzie bombani pale mtaani kwake, kwenye foleni ya zahanati, au kwa mama ntilie anayewasha moto kabla ya alfajiri. Arudi hapo mara nyingi, mpaka aache kuwa mgeni. Aombe ruhusa, aulize jina, na kazi ikikamilika awaonyeshe waliopigwa picha na kusikiliza wanayosema.

Nasi makada, kabla ya kupitisha azimio juu ya watu wa mtaa fulani, tuzitazame picha hizo pamoja nao. Azimio lisiloweza kusomwa mbele ya nyuso hizo lirudishwe kwenye tawi, likajadiliwe upya.